Mnyoo wa Moyo: Hatari Kubwa Huja Anapokufa

Mbwa aliyeokolewa mitaani Houston au New Orleans anaweza kukaa katika kituo cha kuhifadhi mbwa wiki kadhaa akila vizuri na kucheza, manyoya yanang'aa. Siku ya kupimwa, matone machache ya damu yanawekwa kwenye kipimo kidogo cha plastiki, na baada ya dakika kama kumi alama ya rangi inajitokeza: ana minyoo wa moyo. Anayetaka kumchukua husema lile ambalo yeyote angelisema, "Daktari, mchome sindano leo yaishe." Anajibiwa kwamba sindano ya kuua minyoo itasubiri kama miezi miwili, na kwamba kuanzia leo mbwa huyo asiachwe akimbie.

Wengi huona jibu hilo ni uzembe. Kumbe ndimo utaalamu wote ulimo. Dawa ya kumuua mnyoo huyu ipo na ina nguvu. Tatizo ni mahali anapofia. Mnyoo wa tumbo akifa hutoka na choo, lakini huyu hana mlango wa kutokea. Hubaki ndani ya mshipa wa damu, huoza na kukatika vipande, na damu huvisukuma vipande hivyo mpaka kwenye mishipa myembamba ya mapafu. Kila hatua ya matibabu imepangwa kwa kuangalia siku ambayo minyoo watakufa.

Anavyoingia

Mnyoo huyu, Dirofilaria immitis, ni jamaa wa wale wanaoleta matende na mabusha katika mwambao wa Afrika Mashariki, na wa wale wa usubi wanaopofusha watu. Kama wa matende, huenezwa na mbu. Mbwa hamwambukizi mwenzake kwa kumlamba wala kwa kula naye sahani moja. Lazima mbu awe katikati.

Mbu anapomuuma mbwa mgonjwa, hufyonza pamoja na damu watoto wa mnyoo wasioonekana kwa macho, wanaoitwa maikrofilaria. Weka tone la damu hiyo chini ya hadubini utawaona wakijinyonganyonga palepale walipo, wakizisukumasukuma chembe nyekundu za damu. Ndani ya mbu hukua kwa muda wa wiki mbili hivi hali ya hewa ikiwa ya nyuzi 27. Joto likishuka chini ya nyuzi 14, ukuaji husimama. Ndiyo sababu kitovu cha ugonjwa huu nchini Marekani ni majimbo ya kusini, hasa pwani ya Ghuba ya Mexico na bonde la chini la mto Mississippi, kwenye joto na maji yaliyotuama.

Mbu huyo akimuuma mbwa mwingine, lava, yaani watoto hao waliokua ndani ya mbu, humwagika juu ya ngozi na kupenya kwenye tundu aliloacha. Huhama taratibu ndani ya mwili, na baada ya siku 70 hivi wa kwanza hufika kwenye ateri za mapafu. Miezi sita hadi saba tangu siku ya kuumwa huwa wamekomaa na wameanza kuzaa.

Jike aliyekomaa hufikia sentimita 30, mweupe na mwembamba kama tambi, na anaweza kuishi miaka mitano hadi saba. Licha ya jina lake, makazi yake hasa ni ateri za mapafu. Moyoni hujaa pale idadi inapozidi. Kuta za ateri huvimba na kukakamaa, na upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mwanzoni mbwa haonyeshi kitu. Baadaye hukohoa, huchoka kwa matembezi mafupi, hukonda, na mwisho tumbo hujaa maji. Minyoo wakiwa wengi kiasi cha kuziba damu inayoingia moyoni, mbwa huzimia na mkojo hubadilika kuwa wa kahawia iliyokolea. Hapo hakuna dawa ya kungoja. Daktari hupasua mshipa wa shingo na kuwavuta nje kwa koleo refu.

Kwa nini mbwa wa kuokolewa

Mbwa anayelala barazani na majalalani huumwa na mbu usiku kucha, na hakuna aliyewahi kumpa dawa ya kinga. Kimbunga Katrina kilipoipiga Louisiana na Mississippi Agosti 2005, mbwa wengi walihamishiwa majimbo mengine. Walipopimwa, karibu nusu yao walikutwa na mnyoo huyu. Mpaka leo magari hubeba mbwa kutoka vituo vya kusini vilivyofurika kwenda kaskazini ambako wenye kutaka kufuga ni wengi. Kazi hiyo huokoa maisha, ila mbwa mmoja mwenye maikrofilaria damuni akifika mtaa wenye mbu, mtaa mzima umepata chanzo cha maambukizi. Kwa hiyo ushauri wa kitaalamu ni kumpima kabla ya safari, na akikutwa mgonjwa aanzishiwe dawa za mwanzo kabla ya kupakiwa.

Hapa pana mtego. Kipimo cha kawaida hutafuta protini inayotolewa na mnyoo jike aliyekomaa. Mbwa aliyeambukizwa miezi mitatu iliyopita ataonekana msafi, kwa sababu minyoo wake bado wachanga. Jibu la "hana" kwa mbwa asiye na historia inayojulikana ni nusu ya jibu. Nusu ya pili huja kwa kupima tena baada ya miezi sita. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi saba huanzishiwa kinga bila kungoja kipimo, halafu hupimwa baadaye.

Miezi miwili ya kusubiri

Kwa mujibu wa mwongozo wa American Heartworm Society, chama cha wataalamu wa ugonjwa huu kilichoundwa mwaka 1974, mbwa akishathibitika kuwa mgonjwa huanza dawa ya kinga ya kila mwezi mara moja ili asipate minyoo wapya. Hupewa pia doksisaiklini kwa siku 28. Hiyo ni dawa ya bakteria, na wenye mbwa huuliza inahusiana vipi na minyoo. Ndani ya mnyoo huyu, kama ilivyo kwa ndugu zake wa matende na usubi, wanaishi bakteria waitwao Wolbachia, naye hawezi kustawi bila wao. Bakteria wakiuawa, mnyoo hudhoofika na jike huacha kuzaa. Faida kubwa zaidi huonekana siku ya kifo chake, kwani sehemu ya uvimbe unaoumiza mapafu huchochewa na bakteria wanaomwagika kutoka kwenye mzoga. Mbwa mwenye dalili hupewa pia predinisoloni ya kutuliza uvimbe huo.

Muda wa kungoja una sababu nyingine. Dawa ya kinga huua lava wachanga, na melasomini, ile sindano yenyewe, huua waliokomaa. Katikati kuna kundi la minyoo ambao wameshawapita wachanga na hawajafikia wakubwa, na hakuna dawa kati ya hizo mbili inayowaua kwa uhakika. Miezi miwili huwapa nafasi ya kukua mpaka sindano iweze kuwapata.

Baada ya siku 60 hivi mbwa huchomwa sindano ya kwanza, ndani kabisa ya msuli mnene wa kiuno kandokando ya uti wa mgongo. Mwezi mmoja baadaye huchomwa mbili zilizopishana kwa saa 24, moja kila upande. Ile ya kwanza huwa peke yake kwa makusudi: inapunguza idadi, ili wote wasife kwa mkupuo na kuyafurika mapafu. Sindano tatu huua takribani asilimia 98 ya minyoo. Melasomini imetengenezwa kwa aseniki na huuma. Mbwa anaweza kutembea kwa ukakamavu na kulia akiguswa mgongo kwa siku kadhaa.

Baada ya hapo kazi inahamia nyumbani. Mbwa akikimbia, moyo husukuma damu kwa kasi, na damu hiyo huwabeba minyoo waliokufa na kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Hatari huwa kubwa zaidi kati ya siku ya 7 na ya 10 baada ya sindano, lakini haiishi hapo. Mapumziko huanza siku ya kugundulika ugonjwa na kuendelea wiki sita hadi nane baada ya sindano ya mwisho. Maana yake ni kizimba au chumba kidogo, kutoka kwa kamba kwenda haja na kurudi, bila ngazi, bila mpira, bila kufukuzana na mbwa wengine. Akipata homa, akikohoa damu au akihema kwa shida, arudishwe kwa daktari saa hiyohiyo.

Njia za mkato

Ipo njia ya kumpa mbwa dawa ya kinga tu kila mwezi na kungoja minyoo wafe wenyewe. Inaweza kuchukua miaka miwili au zaidi, na muda wote huo mishipa inaendelea kuharibika. Tena katika bonde la Mississippi wamethibitika minyoo sugu kwa dawa hizo. Pale melasomini isipopatikana au mbwa asipoweza kuihimili, madaktari huchanganya moksidektini, mojawapo ya dawa za kinga, na doksisaiklini kwa uangalizi wa karibu, na mapumziko yanabaki palepale.

Njia ya pili inawahusu hata wasomaji wa Afrika Mashariki: ivermektini ya ng'ombe inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo. Dozi ya kumkinga mbwa ni mikrogramu 6 kwa kilo. Mbwa wa kilo 10 anahitaji mikrogramu 60. Dawa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina mikrogramu 10,000 katika kila mililita, kwa hiyo kipimo chake ni mililita 0.006, kiasi kidogo kuliko mstari wa kwanza kwenye bomba la sindano la mililita moja. Atakayekadiria kwa jicho atazidisha mara kumi kwa urahisi, na mbwa wa jamii ya koli wengi wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo ikizidi.

Kinga

Dawa hiyohiyo kwa kiasi sahihi ndiyo iliyobadilisha mambo. Satoshi Ōmura alipata kwenye udongo wa Japani bakteria aliyezaa ivermektini, William Campbell akaongoza utafiti wa uwezo wake dhidi ya minyoo, na mwaka 2015 wakapata Tuzo ya Nobel. Marekani iliidhinisha kidonge cha kila mwezi cha mbwa mwaka 1987.

Kidonge hicho hakimzuii mbu kuuma. Hufanya kazi kwa kurudi nyuma: cha leo kinawafagia lava walioingia katika siku 30 zilizopita. Ukiruka miezi, lava hukua na kutoka katika umri ambao dawa inawaweza, na kumpa dozi mbili kwa pamoja hakuwarudishi. Kwa hiyo tarehe ni sehemu ya dawa.

Mbwa mwenye mnyoo wa moyo hana sababu ya kukataliwa. Haambukizi familia kwa kuguswa, na wengi wanaokamilisha matibabu huishi maisha ya kawaida. Anachohitaji ni nyumba tulivu, na kituo kisichoficha majibu, maana mficha maradhi kilio humuumbua. Kabla ya kutia saini fomu, uliza alipimwa lini na atapimwa tena lini, kidonge cha mwisho cha kinga alipewa tarehe ngapi, na kama ni mgonjwa, amefikia sindano ya ngapi. Kituo kikishindwa kujibu, daktari wako aanze kuhesabu siku upya.