Sura ya 5: Barafu Wakati wa Vita

Katika hoki ya barafuni, timu huingiza wachezaji 6, kipa akiwemo, lakini 6 hao hawamalizi mchezo. Kuteleza kwa kasi ile kunachosha mno. Baada ya dakika moja hivi washambuliaji watatu hutoka, wenzao watatu wakaruka uzio kuwapokea huku mchezo ukiendelea. Timu isiyo na akiba ya kutosha huishiwa pumzi kabla ya kipindi cha tatu.

Ndiyo maana Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, mchezo huu uliyumba vyuoni. Vijana waliitwa jeshini, petroli ikatolewa kwa mgao, safari za timu zikawa taabu. Vyuo kadhaa vilisimamisha timu zao.

Lakini vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kati ya 1942 na 1946, Chuo cha Dartmouth, kilichoko Hanover katika jimbo la New Hampshire, kilicheza michezo 46 mfululizo bila kufungwa: kilishinda 45, kikatoka sare mmoja tu.

Msingi ulikuwepo tangu kabla ya vita. Kocha Eddie Jeremiah alianza kuijenga timu hiyo mwaka 1937, na baadaye naye akaenda kutumikia Jeshi la Majini. Kilichoongezeka ni watu. Julai 1943 jeshi hilo lilianzisha V-12, mpango wa kuwasomesha vyuoni maofisa watarajiwa. Kijana alivaa sare, akaamrishwa kijeshi, akasoma hesabu na fizikia, na bado aliruhusiwa kuichezea timu ya chuo. Jeshi la nchi kavu nalo lilikuwa na mpango wake, ila wanafunzi wake walikatazwa kushindana na vyuo vingine. Hivyo nguvu ya timu ilitegemea pia ni jeshi gani limepiga kambi chuoni. Kikosi cha V-12 cha Dartmouth, chenye vijana wapatao 2,000, kilikuwa kikubwa kuliko vyote nchini.

Tofauti hiyo ilionekana Januari 1944, Dartmouth ilipoifunga timu ya Chuo cha Middlebury 30 kwa 0. Middlebury nayo ilikuwa na V-12, lakini kikosi chake kilikuwa kidogo. Siku hiyo Dick Rondeau wa Dartmouth alifunga mabao 12 na kutoa pasi 11 za mabao. Katika hoki, pasi inayozaa bao huhesabiwa pointi moja sawa na bao lenyewe. Kwa hiyo alivuna pointi 23 katika mchezo mmoja.

Je, ubora huo wa Dartmouth ulikuwa wa bandia? La. Mashindano ya kwanza ya taifa ya vyuo yalipofanyika 1948, vita vimekwisha na wachezaji wamerudi, Dartmouth ilifika fainali, ikafungwa na Michigan 8 kwa 4. Ilikuwa timu hodari kweli, ila wakati wa amani ilikuwa na wa kuifunga. Rekodi ya 46 isomwe pamoja na orodha ya walioitwa jeshini, maana wengi ambao wangeweza kuivunja hawakuwa barafuni.