Msimwite tena ‘Sista Panadol’!

Kama ulisoma bweni, huyu unamjua. Shuleni kwetu tulimwita Sista Panadol. Uumwe kichwa, tumbo au mapenzi, dawa ni ileile: vidonge viwili na kikombe cha maji. Wengi tulimfuata kwa ajili ya ED tu, kile kikaratasi cha kukusamehe kazi na mchakamchaka. Hata mimi, nakiri, niliwahi kubana kitunguu saumu kwapani ili joto lipande. Sista alininusa tu, akaniambia nikaoge.

Kilichonitoa ujinga ni asubuhi moja nikiwa kidato cha pili. Mwenzangu wa kitanda cha juu aliamka analia, miguu na mgongo vinamuuma. Mwalimu wa zamu akasema huyo ni mtegaji, wiki hiyohiyo keshapewa ED mara mbili. Akamtoa nje na baridi lote lile, akamwagilie bustani.

Sista alikuja mbio na kandambili zake. Akamfunua macho, yana umanjano. Akamuuliza kama utotoni alikuwa akivimba vidole. Halafu, mbele yetu sote: “Mwalimu, huyu anakwenda hospitali sasa hivi.” Mwalimu akawa mbogo. Eti nani mkubwa hapa? Sista hakubishana. Alimfunika blanketi, akamnywesha maji, akatafuta gari.

Kipimo cha damu kilionyesha selimundu, ile tunayoiita sikoseli. Baridi, kiu na kazi ngumu ndivyo vinavyoamsha maumivu yake. Yaani adhabu ile ingeweza kumuua mtoto wa watu!

Hilo la nani mkubwa limekaa kichwani mwangu mpaka leo. Nesi wa shule si msaidizi wa mwalimu, ni mtu na fani yake, tena ya siku nyingi. Mwaka 1902 huko New York, madaktari walikuwa wakikagua wanafunzi. Mwenye chawa, upele au trakoma anarudishwa nyumbani. Basi. Nyumbani hakuna wa kumtibu, mtoto anaishia mitaani. Oktoba mwaka huo, Lillian Wald akamtoa nesi wake, Lina Rogers, ajaribiwe mwezi mmoja katika shule nne. Rogers akatibu palepale shuleni, kisha akawafuata wazazi majumbani. Septemba 1902 watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamefukuzwa madarasani kwa maradhi. Septemba 1903 walikuwa kama 1,100. Daktari aliona ugonjwa, nesi akamwona mtoto.

Kwetu kazi imezidi kupanuka. Chanjo ya HPV kwa wasichana ilianza nchi nzima mwaka 2018, kuna dawa za minyoo na kichocho, kuna pumu, kifafa, hedhi, na wale wanaolia usiku bila kusema kisa. Lakini shule ngapi zina nesi? Nyingine matroni ni mwalimu tu aliyekabidhiwa funguo za kabati la dawa. Muuguzi ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kwenye ugonjwa neno la mwisho liwe lake, na liandikwe kwenye sheria za shule, siyo mpaka agombane.

Mwenzangu alimaliza kidato cha nne salama. Siku tunaondoka nilikwenda kumuaga Sista, nikamkuta kwenye chumba chake kilekile, anagawana na majembe ya shule.