Shabaha ya Lexington na Baruti ya Unguja

Huko Marekani, kila mwisho wa juma, katika viwanja vya shabaha vilivyo kando ya miji midogo, hukusanyika watu wa kila namna, wazee na vijana, waume na wake na watoto wao, kila mmoja na bunduki yake ndogo ya risasi nyepesi, si kwa kuwinda wala kwa kushindania kikombe, bali kwa kusoma elimu mbili kwa pamoja: elimu ya kulenga, na taarikhi ya siku ile ambayo wazee wao walianza kupigana na majeshi ya mfalme wa Uingereza. Mafunzo hayo huitwa Project Appleseed, yalianza katikati ya miaka ya 2000, na walimu wake, wanaotambulikana kwa kofia nyekundu, hufundisha kwa hiari bila ujira.

Jambo la kwanza wanalofundisha ni adabu ya silaha: mdomo wa bunduki usielekezwe penye watu, risasi isitiwe kabla ya amri, kidole kisiguse kifyatulio mpaka jicho limekwisha kupata shabaha, na kila mtu ahakikishe kwamba aliye ubavuni mwake naye anazishika kanuni hizo. Kisha mwanafunzi hupiga risasi 13 kwenye karatasi yenye sura za askari wa Uingereza wa makoti mekundu, zilizochorwa moja ndogo kuliko nyingine, ili kwa umbali wa yadi 25 tu zionekane kana kwamba zipo mbali yadi 100, 200, 300 hata 400. Na aghlabu karatasi hiyo humwonyesha mwenyewe jinsi asivyojua kitu. Hapo ndipo yanapoanza masomo ya mwili: mkanda wa bunduki uzungushwe mkononi, uzito ubebwe na mifupa wala si na misuli, jicho litulie juu ya alama ndogo iliyo mwishoni mwa mtutu, pumzi izuiliwe kidogo, na kidole kivute taratibu bila ya kushtua. Mtihani wake ni wa risasi 40, kwa kusimama, kwa kukaa na kwa kulala kifudifudi, nao una alama 250. Apataye 210 hupewa kitambaa cha kushona nguoni chenye kushuhudia ustadi wake.

Lakini mikono inapochoka, bunduki huwekwa chini, watu wakakaa, na mwalimu akasimulia; na kwa rai yangu hapo ndipo kilipo kiini cha shughuli yote, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuhangaika na shabaha nusu siku huyasikia mambo ya taarikhi kwa sikio jingine kabisa. Husimuliwa usiku wa tarehe 18 Aprili 1775, Jenerali Gage wa majeshi ya mfalme alipowatoa askari wapatao 700 kutoka Boston kwenda kuziteka silaha na baruti zilizofichwa Concord. Jinsi Paul Revere na William Dawes walivyotoka mbio juu ya farasi kuwaamsha watu. Jinsi alfajiri ya tarehe 19 wanamgambo wasiofika mia, chini ya Kapteni John Parker, walivyosimama katika uwanja wa Lexington, wakauawa wanane. Na jinsi mchana wake askari wale walivyopigwa njia nzima ya kurudi Boston. Husimuliwa pia khabari za Samuel Whittemore, mzee wa miaka 78, ambaye alipigana peke yake pale Menotomy, kwenye njia hiyo ya kurudi Boston, akapigwa risasi ya uso na kuchomwa singe mara nyingi, akaachwa kwa kudhaniwa amekufa, naye akaishi mpaka 1793.

Sasa msomaji wa Unguja huenda akauliza, yatuhusu nini haya? Yatuhusu sana. Jimbo la Massachusetts, iliko Lexington hiyo, lina bandari iitwayo Salem, ambako miezi miwili kabla ya Lexington, tarehe 26 Februari 1775, Kanali Leslie alikwenda na askari wake kutafuta mizinga, wenyeji wakaliinua daraja mbele ya macho yake, na baada ya majadiliano marefu akarudi mikono mitupu. Ni kutoka Salem hiyo hiyo, kuanzia miaka ya 1820, zilipokuja jahazi nyingi za Kimarekani kutafuta pembe za ndovu, sandarusi na ngozi hapa kwetu, zikileta kitambaa cha pamba ambacho hata leo hatukijui kwa jina jingine ila merekani; na balozi wao wa kwanza aliyekuja kukaa Unguja mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem.

Kabla ya Waters kuja, Rais Andrew Jackson alikuwa amekwisha kumtuma Edmund Roberts kwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, na mkataba wa urafiki na biashara ukatiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833, yaani miaka 58 tu baada ya Lexington. Yafaa sharti lake la pili lisomwe kwa makini. Mmarekani aliruhusiwa kuingia bandari zote za Sayyid na kuuza bidhaa yoyote kwa amtakaye, isipokuwa bunduki, baruti na risasi, ambazo katika kisiwa cha Unguja zisiuzwe ila kwa serikali peke yake. Walakini katika bandari zake nyingine zote ziuzwe bila ya kizuizi chochote kwa mwenye kutoa kima kikubwa zaidi. Ikawa Unguja imelindwa, na mrima ukaachwa wazi.

Miaka saba baadaye Sayyid alipeleka jahazi yake Sultana mpaka New York, chini ya Ahmad bin Na'aman, ikatia nanga tarehe 30 Aprili 1840 ikiwa na farasi na lulu kwa Rais Van Buren. Wamarekani wakaitengeneza jahazi ile kwa gharama yao, na miongoni mwa zawadi walizomrudishia Sayyid zilikuwamo bunduki na bastola za Samuel Colt, zile zenye kupiga mara kadhaa bila ya kushindiliwa upya, ambazo zilikuwa jambo geni hata kwao wenyewe.

Zawadi ile ilikuwa ya kasri. Bunduki za gumegume zilizoshushwa mrima, za Kimarekani na za mataifa ya Ulaya vilevile, zilikwenda kwingine: zilibebwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, zikawapa nguvu kina Mirambo wa Unyamwezi na Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, na palipokuwa na bunduki palipatikana pembe, na pamoja na pembe wakapatikana watu. Sisi wa Mlandege, tunaokaa upande huu wa Darajani, ambapo zamani maji ya pwani yaliingia kati na kuutenga mji wa mawe na Ng'ambo, hatuwezi kuisoma sura hii kwa utulivu wa mtu wa mbali, kwa kuwa wengi wa wakaazi wa Ng'ambo ya wakati ule walikuwa watumwa na watu waliotoka utumwani, walioletwa kutoka bara kwa nguvu ya silaha hizo, na nguo walizovishwa zilikuwa za merekani ile ile.

Nawasifu kwa dhati walimu wa kofia nyekundu kwa kuiunganisha elimu ya mkono na elimu ya wahenga wao, maana skuli nyingi, za kwao na za kwetu, zimeifanya taarikhi kuwa orodha ya tarehe za kukariri. Lakini mtu anayemfundisha kijana kushika bunduki na kumhadithia uhuru uliopatikana kwayo, ana wajibu wa kumhadithia pia bunduki hiyo ilikwenda wapi ilipoingizwa katika shehena ya wajukuu wa wale wale walioinua daraja la Salem. Sharti la 1833 laweza kusomwa kiwanjani kwa muda mfupi kuliko khabari za mzee Whittemore. Wasikilizaji waelezwe pia kwamba mlango ule ulikaa wazi miaka 57, mpaka mwaka 1890 mataifa yalipokubaliana Brussels kuzuia silaha zisiingizwe katika nchi hizi za Afrika, na kwamba miongoni mwa waliotia saini azimio hilo ilikuwamo Marekani yenyewe.