Je, Wajua? Kodi ya Faranga Moja, Ndovu wa Karema na Uhuru wa Tanganyika

Kituo cha kwanza ambacho jumuiya ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ilikijenga barani Afrika hakikuwa Kongo. Kilikuwa Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako leo ni Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Kapteni Ernest Cambier alikifungua Agosti 1879, miaka mitatu baada ya Leopold kuwakusanya wanajiografia mjini Brussels na kuwahakikishia kwamba shabaha yake ni elimu na kukomesha biashara ya watumwa. Wakati huo mvumbuzi Stanley, aliyekuwa akimtumikia Leopold, alikuwa bado hajajenga kituo cha Vivi, karibu na mlango wa Mto Kongo.

Mwaka huohuo mfalme alileta ndovu wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam, chini ya usimamizi wa Mwairishi Frederick Carter. Walitakiwa kubeba mizigo hadi ziwani na kusaidia kuwafuga ndovu wa huku. Ndiyo, ndovu walisafirishwa kuvuka bahari ili wapelekwe Katavi! Watatu walikufa njiani. Aliyefika Karema ni mmoja tu, naye hakudumu.

Carter mwenyewe aliuawa Juni 1880 huko Mpimbwe, pamoja na mwenzake Cadenhead, katika vita vya jeshi la Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi. Hapa ndipo mambo yanaponoga. Mirambo alikuwa akiandikiana na John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, na barua zake alisaidiwa kuziandika na Dk. Southon, mmisionari aliyeishi Urambo. Alitaka urafiki wa Waingereza ili apate njia ya biashara isiyopita mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, na Kirk naye alianza kumwona kama mtu wa kufanya naye kazi. Wazungu wawili walipoanguka Mpimbwe, Kirk akamtupa mkono. Tumezoea kumsoma Mirambo kama mpiganaji, lakini mimi naona hasara yake kubwa haikutokea vitani: ilitokea kwenye barua zilizoacha kujibiwa.

Mwaka 1885, ramani ilipokatwa upya Ulaya na upande huu wa ziwa kuhesabiwa kuwa wa Wajerumani, Leopold aliiacha Karema mikononi mwa wamisionari Wakatoliki, Mapadre Weupe. Miaka michache baadaye, mwaka 1889, akaja hapo Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomeshwa utabibu Malta. Alitibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956.

Wabelgiji walirudi kwa bunduki. Wakiwa washirika wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yao kutoka Kongo yalivuka na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Je, wajua kwamba hawakuitaka sana Tabora yenyewe? Serikali ya Brussels ilitarajia kuitumia ardhi iliyotekwa kama rehani. Waingereza wangepewa eneo hilo, Wareno wangefidiwa kwingine, na Ubelgiji ingepata ukingo wa kusini wa Mto Kongo karibu na bahari. Wareno hawakukubali. Kwa makubaliano ya Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji ya mwaka 1919, Ubelgiji ikabaki na Ruanda-Urundi, nayo nchi iliyobaki ikawa Tanganyika ya Mwingereza. Katika mazungumzo hayo yote, hakuna mtu wa Tabora, Ujiji wala Karema aliyeketi mezani.

Kifuta jasho kilifuata. Tarehe 15 Machi 1921 Uingereza ilikubali kuwapangisha Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yaliyokuja kujulikana kama Belbase, ili mizigo ya Kongo ipite kwa reli bila kusumbuliwa na forodha. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa upangaji: milele.

Milele hiyo ilidumu miaka arobaini. Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya Uhuru, Waziri Mkuu Julius Nyerere alisimama bungeni na kutangaza kwamba Tanganyika huru haitafungwa na mkataba huo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa na ngumu kuijibu: Mwingereza alikuwa mdhamini wa muda, na mtu aliyekabidhiwa nyumba kwa muda hawezi kuipangisha daima dumu. Hakuwafukuza Wabelgiji bandarini, maana alikuwa tayari kuzungumza nao upya, ila kwa masharti ya mwenye nyumba. Kuhusu mikataba mingine ya nchi mbili aliyoiacha Mwingereza, Tanganyika iliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba itaiheshimu kwa miaka miwili, na ile ambayo haitakuwa imezungumzwa upya itakoma, isipokuwa kama sheria ya kimataifa inataka vinginevyo. Wanasheria duniani waliupa msimamo huo jina la Nyerere. Julai 1962 dawa hiyohiyo ilitumika dhidi ya mkataba wa maji ya Nile wa 1929, kwa barua kwa Uingereza, Misri na Sudan.

Neno mdhamini halikutoka hewani. Kenya ilikuwa koloni, lakini Tanganyika tangu 1946 ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wakazi wake waliruhusiwa kupeleka malalamiko New York. Wameru walimtuma Kirilo Japhet mwaka 1952 kwa sababu ya ardhi yao. Walishindwa Baraza Kuu lilipokosa theluthi mbili ya kura, lakini njia ikawa imejulikana. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru mwaka 1954 ulikadiria uhuru ungepatikana ndani ya miaka 20 hadi 25, Uingereza ikakasirika kwamba ni haraka mno. Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini tarehe 7 Machi 1955. Uhuru ulikuja baada ya miaka sita.

Mpanda, makao makuu ya Katavi ya leo, nayo ilikua katikati ya udhamini huo. Reli kutoka Kaliua ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira Minerals. Kufikia 1960 mgodi ulikuwa umefungwa. Uhuru ukaikuta reli ipo, shehena yake haipo.

Kisha eneo hili la Katavi likapata mikataba ya namna nyingine. Mwaka 1964 Wanyarwanda waliokimbilia Kivu, Kongo, walihamishiwa milima ya Mwese, Mpanda, kwa makubaliano kati ya serikali, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa na Walutheri. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Katumba, halafu Mishamo. Nchi zao ndizo zilezile Ubelgiji ilizopewa mwaka 1919. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu.