Kutoka Kapiti hadi Washington: Siku ya Makumbusho Yasiyo na Kiingilio

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kukumbusha, na kwa asili hiyo linabeba dai zito: kwamba nyumba inayohifadhi vitu vya kale na vya mbali inapaswa kumkumbusha anayeingia jambo alilolijua, au alilostahili kulijua. Dai hilo hupimwa vyema na mtu aliye mbali na kwao. Mwenyeji wa Machakos, Kenya, anayeishi Marekani, awe mwanafunzi, muuguzi wa zamu za usiku au dereva wa lori, akipata siku moja ya mapumziko huku mfuko wake ukiwa mwepesi, anaweza kuitumia mjini Washington katika majumba ambayo hayamtozi hata senti moja, na katika mojawapo ya majumba hayo akakutana na nyika ya kwao, ile inayoonekana kutoka barabara ya Mombasa, ikiwa imehifadhiwa kwa chumvi na kuandikwa lebo.

Majumba hayo ni ya taasisi ya Smithsonian, iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge la Marekani tarehe 10 Agosti 1846 kutokana na urithi wa mwanasayansi Mwingereza, James Smithson, aliyefariki mwaka 1829 bila kuwahi kukanyaga Marekani, na ambaye wosia wake ulitaka mali yake ianzishe mjini Washington taasisi ya kuongeza na kueneza maarifa miongoni mwa watu. Leo taasisi hiyo ina makumbusho 21 pamoja na bustani ya wanyama, na yale yaliyo Washington hayana kiingilio. Hata hivyo neno bure lisichukuliwe kijuujuu, kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama hulipwa na serikali kuu, yaani na walipa kodi, na mhamiaji anayekatwa kodi katika mshahara wake kila mwezi amekwisha kulipa kiingilio chake kabla ya kufika mlangoni. Uhusiano huo huonekana wazi bajeti ya nchi inapokwama bungeni: mnamo Januari 2019 majumba hayo yalifungwa kwa wiki kadhaa kwa kuwa serikali haikuwa na idhini ya kutumia fedha. Uingereza nayo ilifuta viingilio katika makumbusho yake ya kitaifa tarehe 1 Desemba 2001, kwa hiyo Mkenya wa London ana siku kama hiyo katika British Museum au katika makumbusho ya viumbe ya mtaa wa South Kensington.

Mengi ya majumba ya Washington yamepangwa pande mbili za uwanja mrefu wa nyasi uitwao National Mall, unaoanzia penye jengo la bunge na kuenea takriban kilomita 3 kuelekea magharibi, na treni ya chini ya ardhi ina kituo katikati ya uwanja huo. Mlangoni hakuna anayeuliza kitambulisho wala hati za ukazi. Mifuko hukaguliwa, basi. Machache, kama vile makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi yaliyofunguliwa mwaka 2016, huhitaji mgeni awe amejiwekea nafasi mapema, ingawa nafasi yenyewe hailipiwi. Kinachotoboa mfuko ni mkahawa wa ndani, na ndiyo maana familia nyingi hubeba vyakula vyao na kuvilia nje kwenye nyasi. Pia si busara kutaka kuyamaliza majumba yote kwa siku moja, kwani macho huchoka kabla ya miguu, na anayechagua mawili na kuyatazama kwa utulivu huondoka na mengi kuliko aliyepita katika saba mbiombio.

La kwanza kati ya hayo mawili, kwa mtu wa Machakos, halina budi kuwa makumbusho ya taifa ya historia ya viumbe, ambayo jengo lake lilifunguliwa kwa umma mwezi Machi 1910. Tarehe hiyo inahusiana moja kwa moja na Ukambani, iliko Machakos. Theodore Roosevelt, aliyeacha urais wa Marekani Machi 1909, aliteremka Mombasa mwezi Aprili mwaka huohuo, akapanda gari la moshi na kushuka katika stesheni ya Kapiti, kwenye nyika iliyo kusini-magharibi mwa mji wa Machakos, akiwa na mwanawe Kermit na wanasayansi watatu wa msafara wa Smithsonian: Edgar Mearns, tabibu mstaafu wa jeshi aliyekuwa bingwa wa ndege, pamoja na Edmund Heller na John Alden Loring, wataalamu wa mamalia. Reli yenyewe ilikuwa imeipita Machakos kando miaka kumi kabla, na kwa sababu hiyo utawala wa Waingereza, uliokuwa na makao yake Machakos, ulihamia Nairobi mwaka 1899. Mji ukapoteza ukuu wake, lakini nyika ikapata stesheni, na stesheni ikaleta wageni. Wiki za kwanza za uwindaji zilipita katika nyika hiyo ya Kapiti na Athi, na katika mashamba ya walowezi yaliyoizunguka, hadi pande za Ol Donyo Sabuk.

Miongoni mwa mizigo ya msafara huo mlikuwa na tani 4 za chumvi, na chumvi ndiyo inayoeleza kazi iliyofanyika pale. Ngozi ya mnyama huanza kuoza muda mfupi tu baada ya kifo, hasa juani, kwa hiyo ilichunwa upesi, ikakwanguliwa mafuta, ikasuguliwa chumvi upande wa ndani na kuanikwa, huku fuvu na mifupa vikiondolewa nyama na kufungwa pamoja na lebo. Kitu kilichohifadhiwa hivyo huitwa kielelezo, na thamani yake kwa sayansi haimo katika ukubwa wa pembe, bali imo katika lebo inayotaja mahali, tarehe na jina la mkusanyaji, kwa kuwa ngozi isiyo na lebo ni ngozi tu. Hadi msafara ulipofika Khartoum Machi 1910, Roosevelt na mwanawe walikuwa wamewaua wanyama wakubwa 512, wakiwamo simba 17, na vielelezo vilivyopelekwa Washington, ukijumlisha panya, ndege, nyoka na mimea, vilikuwa maelfu kwa maelfu. Wapagazi wapatao 200 walioibeba chumvi na ngozi hizo vichwani, kwa miguu, hawana mahali pao katika lebo. Ni upungufu mkubwa, na hauondolewi na hoja kwamba ndivyo ilivyokuwa desturi ya zama zile.

Anayeingia leo katika jengo hilo la historia ya viumbe hulakiwa na tembo mkubwa aliyesimama chini ya kuba, naye hakutoka Kenya. Aliwindwa Angola mwaka 1955. Wanyama wa aina hii hawakujazwa majani kama wengi wanavyodhani, bali ngozi halisi imevishwa juu ya umbo lililochongwa kwa vipimo vya mnyama mwenyewe, likafuata hata mikunjo ya misuli. Katika ukumbi wa mamalia yupo kifaru mweupe aliyepigwa risasi na Roosevelt mwaka 1910 karibu na mto Naili, katika eneo la Lado, na mbele yake inafaa kusimama kitambo, kwa sababu yeye ni wa jamii ya kaskazini, ambayo leo imebakiza majike wawili tu duniani, Najin na Fatu, wanaolindwa Ol Pejeta katika Kaunti ya Laikipia. Vielelezo vingi vya msafara, hata hivyo, havionekani ukumbini. Vimo katika makabati na droo ambamo watafiti huvipima na kuvilinganisha na wanyama wa sasa, na kwa mtazamo wa sayansi droo hizo ndizo makumbusho yenyewe; ukumbi ni sebule tu.

Jumba la pili liko ng'ambo ya uwanja na limejengwa karibu lote chini ya ardhi, chini ya bustani: ni makumbusho ya taifa ya sanaa ya Afrika. Mwaka 2018 yalipokea maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, yenye vitu vilivyoazimwa kutoka Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na mwezi Oktoba 2022 Smithsonian ilirudisha kwa Nigeria umiliki wa vinyago 29 vya shaba vya ufalme wa kale wa Benin, vilivyoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Mgeni kutoka Machakos anaingia humo akiwa na kipimo chake mwenyewe, maana kwao kuna sanaa za namna mbili ambazo watu wa nje huzichanganya. Ipo ya kale, kama kiti cha miguu mitatu cha mzee wa Kikamba, ambacho uso wake umepigiliwa nyaya nyembamba za shaba kwa mizunguko, na ambacho mwenyewe alikwenda nacho barazani. Kisha ipo ile ya swala, twiga na vinyago vya kuuzia wageni, iliyoanzia Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pale Mutisya Munge alipoleta ufundi alioujua huko Tanganyika alikokuwa vitani, na uchongaji ukawa riziki ya maelfu ya nyumba. Makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani yalikipenda kiti na kuudharau uchongaji wa Wamunyu kwa kuwa ni wa sokoni. Dharau hiyo haina msingi, kwani mikono iliyosomesha watoto kwa kipande cha mpingo ina historia sawa na ile iliyopigilia nyaya.

Swali la nani alichukua nini, na kwa ruhusa ipi, haliwezi kuachwa mlangoni pamoja na mwavuli. Mradi wa pamoja wa wasanii na watafiti wa Kenya na Ujerumani, ulioonyesha kazi yake Nairobi mwaka 2021, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya nchi za nje. Wala urejeshaji si ndoto: fuvu la Proconsul, kiumbe wa kale wa jamii ya nyani aliyefukuliwa na Mary Leakey katika kisiwa cha Rusinga mwaka 1948, lilikaa London kwa miongo mitatu na zaidi, na likarudi Nairobi mwaka 1982 baada ya Kenya kuonyesha kwa maandishi kwamba lilikuwa limeazimwa tu. Barua moja iliyotunzwa vizuri katika jalada ilifanya kazi ambayo hotuba nyingi zisingeweza.

Aliyebaki Machakos naye hajakosa kabisa, kwa kuwa tangu Februari 2020 Smithsonian imefungua kwenye intaneti mamilioni ya picha na kumbukumbu zake ili zitumike bila malipo, na mwalimu wa sayansi mwenye simu anaweza kutafuta jina la Kapiti mbele ya wanafunzi wake. Nyika yenyewe ingalipo, na sehemu yake ni ranchi ya utafiti wa mifugo ambamo ng'ombe hulisha pamoja na wanyamapori. Kwa aliye Washington, milango ya makumbusho ya historia ya viumbe hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na moja na nusu jioni, kila siku ya mwaka isipokuwa tarehe 25 Desemba.