Dakika Moja Inayookoa Maisha: Wakunga Wanavyofundishwa Kusikiliza Moyo wa Mtoto Aliye Tumboni

DAR ES SALAAM

Mjamzito anayeshikwa na uchungu katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani au Jangwani hana safari ndefu ya kufika hospitalini. Hospitali ya Mnazi Mmoja ipo jirani na soko, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana ipo Ilala, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ipo Upanga. Kwa wakazi wa katikati ya Jiji, umbali si kikwazo kikubwa kama ulivyo kwa mama wa kijijini. Kinachoamua usalama wa mtoto wake huanza baada ya kupokewa wodini: mkunga atausikiliza moyo wa mtoto mara ngapi, atausikiliza kwa namna gani, na atachukua hatua gani akibaini kuwa umebadilika.

Suala hilo lina uzito wa kitaifa. Kwa mujibu wa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, vifo vitokanavyo na uzazi vilipungua hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Katika kipindi hicho, akina mama wanaojifungulia katika vituo vya kutolea huduma za afya waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Hata hivyo, vifo vya watoto wachanga walio chini ya siku 28 vilishuka kidogo tu, kutoka 25 hadi 24 kwa kila vizazi hai 1,000. Mama ameanza kuwa salama zaidi; mtoto bado anasubiri zamu yake.

Ikumbukwe pia kwamba takwimu hiyo ya watoto wachanga haimhesabu mtoto aliyezaliwa akiwa tayari amefariki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kuwa takribani watoto milioni 2 duniani huzaliwa wafu kila mwaka, na zaidi ya asilimia 40 kati yao hufariki wakati mama akiwa katika uchungu. Maana yake ni kwamba mtoto alifika mwanzo wa uchungu akiwa hai. Kifo chake kilitokea katika saa chache ambazo mama, kama yupo hospitalini, anapaswa kuwa chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Ili kuelewa kwa nini sikio la mkunga lina thamani kubwa kiasi hicho, ni vyema kufahamu kinachotokea tumboni. Mtoto hupata hewa ya oksijeni kupitia damu inayopita katika kondo la nyuma na kitovu. Kila uchungu unapokaza, misuli ya mfuko wa uzazi huibana mishipa hiyo na damu hupungua kwa muda mfupi. Mtoto mwenye afya huvumilia, kwa kuwa mkazo ukiachia hupata tena damu ya kutosha. Tatizo hujitokeza mikazo inapofuatana mno bila nafasi ya kupumzika, kitovu kinapobanwa, kondo linapoanza kuachia kabla ya wakati, au uchungu unapochukua saa nyingi kupita kiasi. Hapo akiba ya mtoto huanza kuisha, na moyo wake ndio hutoa taarifa ya kwanza.

Mapigo ya kawaida ya moyo wa mtoto aliye tumboni ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Mkunga akihesabu 140 na kuandika 140, kazi inaonekana imekamilika, lakini huenda bado. Dalili mojawapo iliyo muhimu zaidi ni moyo kushuka wakati wa mkazo na kuchelewa kurudi katika kasi yake baada ya mkazo kuisha. Anayesikiliza kwa sekunde chache katikati ya mikazo miwili, mama akiwa ametulia, anaweza kupata namba nzuri kwa mtoto aliye hatarini. Kwa sababu hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kuwa kila usikilizaji uchukue angalau dakika moja, uanze wakati wa mkazo na uendelee kwa sekunde zisizopungua 30 baada ya mkazo. Katika hatua ya kwanza ya uchungu uliokolea, hilo lifanyike kila baada ya dakika 15 hadi 30. Mama anapofikia hatua ya kusukuma, ni kila baada ya dakika 5.

Vifaa vinavyohitajika si vya gharama ya kutisha. Kipo kifaa cha zamani chenye umbo la pembe, kilichobuniwa na tabibu Adolphe Pinard wa Ufaransa mwaka 1895, ambacho mkunga hukiweka juu ya tumbo la mama na kutega sikio upande wa pili. Hakihitaji umeme wala betri. Kipo pia kifaa cha mkononi kiitwacho dopla, kinachotoa sauti ya mapigo kiasi kwamba hata mama huisikia. Mashine kubwa zinazochora mapigo mfululizo kwenye karatasi zipo katika baadhi ya hospitali, lakini WHO haipendekezi zitumike kwa kila mjamzito mwenye afya njema, kwa kuwa zinaweza kuongeza upasuaji usio wa lazima bila faida inayolingana nao. Kwa mama wa kawaida, kifaa kidogo chenye msikilizaji makini kinatosha.

Na hapo ndipo mafunzo yanapoingia.

Mkunga anayeongoza mafunzo ya aina hii huanzia kwenye mikono kabla ya masikio. Washiriki hukumbushwa namna ya kupapasa tumbo la mama ili kufahamu mgongo wa mtoto uko upande gani, kwa sababu ni mahali hapo ambapo mapigo husikika vizuri zaidi. Kisha hufundishwa kushika mkono wa mama na kuhesabu mapigo yake wakati huohuo wanapousikiliza moyo wa mtoto. Hatua hii hurukwa mara nyingi, ilhali ni ya lazima. Mama mwenye maumivu, homa au upungufu wa damu anaweza kuwa na mapigo 120 kwa dakika, na kifaa kikayachukua hayo badala ya ya mtoto. Kumekuwapo na visa katika nchi mbalimbali ambapo mtoto aliyekwisha kufariki aliandikiwa mapigo ya kawaida kwa sababu tu mapigo yaliyosikika yalikuwa ya mama.

Baada ya kusikiliza huja kuandika. Namba isiyoandikwa kwenye chati ya uchungu haimsaidii anayepokea zamu saa mbili usiku. Chati iliyotolewa na WHO mwaka 2020, inayokusudiwa kuchukua nafasi ya patografu iliyozoeleka, inamtaka mhudumu aweke alama kila anapopata kipimo kilichovuka mpaka na aandike mpango wa kinachofuata. Kiongozi wa mafunzo mwenye uzoefu hutumia muda mwingi kwenye safu hiyo ya mwisho. Wakunga wengi wanajua kuhesabu. Panapokwama ni baina ya namba na uamuzi.

Uamuzi wenyewe una mpangilio unaofahamika. Mapigo yakiwa chini ya 110 au juu ya 160, au yakichelewa kurejea baada ya mkazo, mama hulazwa kwa ubavu. Ikiwa anaongezewa uchungu kwa dripu ya oksitosini, dripu hiyo husimamishwa. Mkunga huangalia kama kitovu kimetangulia, hupima njia imefunguka kiasi gani, hukagua homa na shinikizo la damu, na humwita daktari bila kuchelewa. Kutegemea hali, mtoto husaidiwa kutoka kwa kifaa cha kuvuta au kwa upasuaji. Wakati huohuo mwenzake huandaa meza ya kumsaidia mtoto kupumua, kwa kuwa mtoto aliyechoka tumboni anaweza kuzaliwa bila kulia, na dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa ni ya thamani sawa na zile zilizotangulia.

Tanzania ina uzoefu wake katika jambo hili, na sehemu ya uzoefu huo ilianzia Zanzibar. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja ya Unguja, ambayo haipaswi kuchanganywa na jina lake ya Dar es Salaam, watumishi wa wodi ya wazazi wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen waliandaa kijitabu kifupi cha mwongozo kinachoendana na mazingira halisi ya kazi yao. Mpango huo ulipewa jina la PartoMa. Mafunzo yake hayakuwa semina moja ya wiki nzima hotelini. Yalikuwa vikao vifupi vilivyorudiwa mara kwa mara, nje ya saa za kazi, wakunga na madaktari wakiketi pamoja kujadili mifano inayofanana na wanayokutana nayo wodini.

Matokeo yalipolinganishwa kati ya kipindi cha kabla ya mpango, mwaka 2014/15, na mwaka mmoja baadaye, watoto waliozaliwa wafu hospitalini hapo walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Muda wa kati tangu moyo wa mtoto uliposikilizwa kwa mara ya mwisho hadi mama kujifungua ulishuka kutoka dakika 120 hadi 74. Dakika 74 bado ni nyingi mno ukilinganisha na dakika 5 za mwongozo. Lakini zilipatikana bila kuongezwa majengo, na baadaye mpango huo ulipelekwa katika hospitali tano za Dar es Salaam zinazohudumia akina mama wengi, mwongozo ukiandikwa upya pamoja na watoa huduma wenyewe.

Muhimbili nayo imechangia. Hospitali hiyo ilishiriki kujaribu kifaa kiitwacho Moyo, dopla inayofungwa tumboni kwa mkanda na kufuatilia mapigo ya mtoto mfululizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kuwa kifaa hicho kilibaini mapigo yasiyo ya kawaida kwa akina mama wengi zaidi kuliko dopla ya kusikiliza kwa vipindi. Hata hivyo, haikuonekana tofauti ya wazi katika hali ya watoto waliozaliwa. Kengele ilisikika mapema zaidi. Kilichobaki ni wodi nzima kuwa tayari kuiitikia.

Somo hilo lilifanyiwa kazi katika mpango wa Uzazi Salama ulioratibiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Humo, vifaa viliambatana na mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwenye mdoli, yakiongozwa na watumishi wa kituo husika. Matokeo yaliyochapishwa mwezi Februari 2025, yakihusisha vizazi takribani 300,000, yalionesha kuwa vifo vya watoto kabla ya kuzaliwa wodini na katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Uongozi wa mafunzo kutoka ndani ya wodi una faida ambayo mgeni hawezi kuileta. Mkunga wa Amana anajua ni saa ngapi wodi hujaa, dopla gani ina betri dhaifu, na daktari yupi yupo zamu. Anaweza kufanya zoezi la dakika 15 kabla ya makabidhiano ya zamu na kurudia wiki inayofuata, badala ya kusubiri ratiba ya mwaka. Vilevile, anaweza kumrekebisha mwenzake hapohapo kitandani kwa staha, bila kumwaibisha mbele ya mama.

Hata hivyo, mafunzo hayaongezi idadi ya mikono. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika Sensa ya mwaka 2022, na wodi zake za uzazi ni miongoni mwa zenye shughuli nyingi zaidi nchini. Mama mmoja aliye katika hatua ya kusukuma anahitaji kusikilizwa mara 12 kwa saa. Wakiwa wawili kwa wakati mmoja ni mara 24, na bado kuna wengine wanaosubiri vipimo vya nusu saa. Mkunga akiwa peke yake hawezi kutimiza hayo yote, hata awe hodari namna gani. Ndiyo maana mafunzo mazuri hufundisha pia kupanga vipaumbele: nani asikilizwe kwanza, nani ahamishiwe karibu na meza ya mkunga, na lini msaada uitwe. Ajira za wakunga ni sehemu ya pili ya jibu, na haiwezi kufidiwa na semina.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Mjamzito anayeona mtoto amepunguza kucheza hapaswi kusubiri tarehe ya kliniki. Afike kituoni siku hiyohiyo. Akiwa katika uchungu, anaruhusiwa kumuuliza mkunga mapigo ya mtoto ni mangapi na yatasikilizwa tena saa ngapi. Msindikizaji wa mama, pale kituo kinapomruhusu kuingia, anaweza kumwita mkunga mara moja chupa inapopasuka au maji yanapotoka yakiwa na rangi ya kijani. Kwa mjamzito au mama aliyejifungua anayepata dharura na kuhitaji usafiri wa kufika hospitalini, namba ya kupiga ni 115 ya mfumo wa m-mama, na simu hiyo haitozwi gharama.