Mtoto yuko njiani, nyumba ya ufukweni haijaisha: Kipi kisubiri?

Kwa wanandoa wengi vijana, mimba ya kwanza huwakuta katikati ya ujenzi. Kiwanja kipo Kigamboni, Mbweni au Bagamoyo, kuta zimesimama, bati limepigwa na fundi anasubiri hela ya lipu. Kliniki ikishatoa tarehe ya matarajio, nyumba nayo inapewa tarehe hiyohiyo: “Mtoto azaliwe akute tumehamia kwetu.”

Nia ni njema. Shida ni kwamba tarehe ya nyumba inaweza kusogezwa, ya mtoto haisogezwi. Wenza wasipokubaliana mapema kipi kitasubiri, anayelipa gharama ya haraka hiyo ni mama.

Anzeni na kalenda ya kliniki

Mimba huhesabiwa wiki 40, lakini kuanzia wiki ya 37 mtoto anaweza kuja wakati wowote na akawa ametimia. Kwa hiyo wiki ya 36 ndiyo iwe mwisho wa kazi zote za vumbi na harufu. Hesabuni kurudi nyuma kutoka hapo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mjamzito aonwe na mtoa huduma angalau mara nane, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Siku hizo ziandikwe kwanza, ndipo siku za mafundi zifuate. Kliniki haiahirishwi kwa sababu lori la mchanga limefika.

Bahari haitaki haraka

Ujenzi wa pwani una adui asiyeonekana, nayo ni chumvi. Mchanga uliochotwa ufukweni na maji ya kisima chenye chumvi huozesha nondo ndani ya zege. Nyumba inapendeza leo, miaka michache baadaye nguzo zinapasuka. Zege nalo linahitaji kumwagiliwa maji baridi yasiyo na chumvi kwa siku 7 au zaidi, na nguvu yake hupimwa kwa siku 28. Fundi akisema ataruka hatua hiyo ili muwahi kuhamia, mwambieni asimame.

Kabla ya kuongeza baraza au ukuta upande wa maji, kumbukeni pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Familia yenye kichanga haihitaji hofu ya kubomolewa.

Mama asigeuzwe msimamizi wa saiti

Katika nyumba nyingi baba yuko kazini, hivyo mama mwenye likizo au biashara ya nyumbani ndiye anayeshinda saiti. Hapo ndipo hatari ilipo.

Dawa ya mchwa inapomwagwa kwenye msingi au kupakwa kwenye mbao, mjamzito asiwepo. Vivyo hivyo rangi ya mafuta na tina yake, na vumbi la kukata marumaru. Rangi yenye madini ya risasi ni mbaya zaidi, kwani risasi hupita kwa mama na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Nunueni rangi iliyoandikwa kwamba haina risasi, na kama mnakarabati nyumba ya zamani, msikwangue rangi kuukuu mama akiwa ndani.

Maji yaliyotuama kwenye mashimo na mapipa ya saiti huzalisha mbu. Mapipa yafunikwe, mashimo yafukiwe, na mama alale ndani ya chandarua chenye dawa. Malaria kwa mjamzito huleta upungufu wa damu na inaweza kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo.

Hela ya uzazi isiguswe

Kila anayejenga anaujua ujumbe huu: “Bosi, saruji imepungua mifuko mitano.” Leo mitano, kesho dirisha, keshokutwa bawaba. Fedha zikiwa kapu moja, hela ya kujifungulia itaishia kwenye dirisha.

Tenganisheni. Hela ya uzazi ikae kwenye akaunti au kibubu kingine, na isitolewe bila wote wawili kukubali. Wekeni humo nauli ya dharura, gharama za hospitali, vifaa vya mtoto na chakula cha mwezi wa kwanza. Baba aliyeajiriwa akumbuke kwamba sheria ya kazi inampa angalau siku 3 za likizo ya uzazi, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama ana siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 3 za baba zisiishie kwa fundi bomba.

Njia ya usiku

Viwanja vya ufukweni mara nyingi viko mbali na lami. Kama mnakaa Kigamboni na hospitali mliyochagua iko ng’ambo, amueni mapema: pantoni au Daraja la Nyerere? Dereva gani atapokea simu saa nane usiku? Masika gari litapita?

Dalili zisizosubiri asubuhi ni kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, chupa kuvunjika, au mtoto kupunguza kucheza.

Chumba kimoja kinatosha

Kichanga hahitaji sebule yenye jipsamu wala baraza linalotazama bahari. Anahitaji chumba kimoja kikavu chenye hewa na wavu madirishani, maji safi, choo kinachofanya kazi na mama aliyepumzika. Vikiwa tayari wiki ya 36, hamieni. Visipokuwa tayari, bakini mlipopanga, au mama aende kwa wazazi. Hiyo si aibu.

Vigae vya baraza vitawekwa mtoto akiwa anatambaa.